Majina Mawili Chini ya Habari

Siku niliyomwona Mwalimu Mwantumu kwa mara ya kwanza alikuwa peku, viatu kavishika mkononi. Ilikuwa Aprili 1975, masika yamekolea, na basi lilikuwa limekwama chini kwenye daraja kama kawaida yake. Mimi nilikuwa nafyeka majani mbele ya ofisi ya shule. Nikaona mwanamke mwembamba anapanda kilima, buibui amelikunja kiunoni, matope mpaka magotini, kichwani sanduku la mbao lililofungwa kwa kamba ya katani. Alipofika alilitua mwenyewe. Mimi nilisimama tu na fyekeo langu. Hata neno "karibu" halikunitoka.

"Wewe ndiye mwalimu mkuu?" akaniuliza.

"Hapana. Mimi ni mhudumu."

"Basi nihudumie. Shika upande huo."

Nilishika. Sanduku lilikuwa zito, nikadhani ni sufuria na sahani. Tulipolifungua katika nyumba ya walimu, juu kulikuwa na magauni mawili na khanga, na chini yote yalikuwa magazeti. Ya miaka mingi, yamepangwa kwa tarehe.

"Haya ni ya kuwashia moto, Mwalimu?"

"Ukiwasha moto kwa haya, Bwana, nitakuwasha wewe."

Sikujua kama anatania. Baadaye nilijua kwamba alikuwa anatania, na kwamba angefanya kweli.

Alitoka Pasua, mjini Moshi. Baba yake, Mzee Alawi, alikuwa fundi cherehani, na alifariki yeye akiwa chuo cha ualimu. Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja. Kila Jumamosi Mwalimu aliteremka kwa miguu hadi Kwa Sadala, mwendo wa saa mbili, akapanda gari la Moshi, akamwogesha mama yake, akampikia, akamwachia jirani maagizo ya wiki nzima, na Jumapili jioni akapanda tena mlima. Hakuolewa. Akinamama wetu walipomuuliza sababu alisema, "Nimeshaolewa na ngazi za mlima huu."

Shule yetu ilipokea gazeti moja tu, tena siku mbili baada ya tarehe yake. Konda alilitupa dukani Kwa Sadala, nami nililifuata Jumanne na Ijumaa. Kabla ya Mwalimu Mwantumu kuja, mwalimu mkuu, Mwalimu Gabriel, alilisoma akinywa chai, kisha likaenda kufunika madaftari au chooni. Yeye aliomba apewe. Siku ya kwanza alilipeleka darasa la sita, akatoa mkasi, akaanza kulikata. Mwalimu Gabriel alikuwa anapita dirishani.

"Mwalimu! Unakata picha za viongozi kwa mkasi?"

"Siwakati, Mwalimu Mkuu. Nawazunguka."

Darasa lilicheka, na Mwalimu Gabriel, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaondoka akitikisa kichwa. Kila habari iliyokatwa ilibandikwa kwenye boksi kwa uji wa unga, na kila watoto wanne walipata kipande chao. Hivyo gazeti moja liliwatosha watoto arobaini.

Nilipata kazi nyingi karibu na dirisha la darasa hilo. Dirisha lenyewe nililitengeneza mara tatu. Mimi niliishia darasa la nne, enzi za mkoloni, na kwetu kusoma kulikuwa ni kuimba pamoja kilichoandikwa ubaoni. Huyu hakuwaimbisha. Aliwauliza: Nani anasema? Alikuwapo, au kaambiwa? Nani hakuulizwa? Hilo la mwisho ndilo alilolipenda kuliko yote.

Siku moja kipande kimoja kilisema wakulima wameifurahia bei mpya ya kahawa.

"Wakulima wangapi wameulizwa?" akasema. Watoto wakatafuta kwa vidole. Hakuna hata mmoja. "Basi leo jioni waulizeni baba zenu kama wamefurahi. Kesho mniletee majina."

Kesho yake mtoto mmoja alisimama: "Mwalimu, baba yangu kanikimbiza na panga la kukatia ndizi."

"Je, kafurahi?"

"Sijui, Mwalimu. Nilikuwa nakimbia."

Kuandika kulikuwa kugumu zaidi. Watoto wetu walijua hadithi, hawakujua habari. Kila karatasi ilianza na "Hapo zamani za kale." Yeye alisoma kwa sauti, kisha akauliza taratibu.

"Palikuwa na ng'ombe mmoja. Ng'ombe wa nani?"

"Wa Mama Dominika."

"Alikula nini?"

"Shuka, Mwalimu."

"Ya nani?"

Mtoto akajibu kwa sauti ndogo: "Ya Padre."

"Sema hivyo tangu mwanzo! Ng'ombe wa Mama Dominika alikula shuka ya Padre Jumanne asubuhi. Hapo mtu ataacha chai yake asome."

Aliweka sheria moja: chini ya kila habari yaandikwe majina mawili, ya watu wawili walioona kwa macho yao. Jina moja ni umbea, alisema. Mawili ni habari.

Mwaka uliofuata nilimpigilia mbao kwenye ukuta wa stoo, chini ya upenu ili mvua isifike, na hapo likazaliwa gazeti la ukutani. Lilibadilishwa kila Ijumaa. Mwanzoni lilisomwa na watoto walioliandika. Kisha mpwa wangu Leonia, mtoto wa dada yangu aliyekaa kwangu, akapata wazo la kuandika zamu za maji.

Kwetu mlimani maji ya kunywesha migomba na mboga hutoka mtoni kwa mfereji tunaouita mfongo. Babu zetu waliuchimba, na kila ukoo una siku zake za kufungua. Siku yako ikipita, unasubiri mpaka mzunguko urudi. Zamu hizo zilikuwa vichwani mwa wazee, na kila mzee alikuwa na zake. Leonia alizunguka kwa wazee saba akaziandika, wakabishana mpaka wakakubaliana, na tangu hapo watu walipotoka misa ya Jumapili walipita shuleni kuangalia zamu. Wakishafika walisoma na mengine. Mzee Primus, mwenyekiti wa kijiji, alikuja mara mbili kusoma jina lake siku alipoongoza upandaji wa miti. Alimwambia Mwalimu, "Hii ndiyo elimu ya kujitegemea." Alimletea mkungu wa ndizi.

Oktoba 1977 mfongo ulipungua mpaka ukawa kama kamba. Jumapili moja ilikuwa zamu ya ukoo wangu. Maji hayakuja. Watu walikuwa kanisani. Mimi nikapanda juu kuangalia pameziba wapi. Penye mgawanyo nilimkuta Mzee Primus mwenyewe, suruali kaikunja, anashindilia vigogo vya migomba na udongo upande wetu, na maji yote yanaingia kwenye bustani yake ya kabichi. Hakuniona. Nilirudi nyuma kimya kimya kana kwamba mwizi ni mimi.

Nyumbani nilimwambia mke wangu, Dafroza. Leonia alikuwa anakula mtori pembeni. Akaweka kijiko chini.

"Mjomba, ilikuwa saa ngapi?"

"Kengele ya misa ya pili ilikuwa imeshalia."

"Ulimwona uso au mgongo?"

"Uso. Mbona unaniuliza kama polisi?"

"Alikuwa peke yake?"

Dafroza akacheka, akaniita mzee kwa lugha yetu. "Mjibu, meku. Ukilijibu swali lake utaweza na la mbinguni."

Leonia hakumaliza mtori wake. Alipanda juu akaona vigogo, akaona kabichi zimelowa, na Primus mwenyewe bado yupo na jembe. Alhamisi alimpelekea Mwalimu habari yake. Sentensi nne. Chini jina lake, na nafasi tupu ya jina la pili.

Mwalimu aliniita stoo. Alikuwa amekaa juu ya gunia la mbolea, karatasi magotini.

"Bwana Emilian, hii ni kweli?"

"Ni kweli, Mwalimu."

"Nisikilize vizuri. Hii siyo shuka ya Padre. Ikibandikwa, nitaitwa. Wakitaka kuniadhibu watanihamisha, na nikihamishwa mbali, mama yangu atabaki na majirani, na majirani huchoka. Mimi siwezi kumwambia mtoto kwamba habari ni kweli ila tusiiandike. Nimemfundisha miaka miwili kinyume chake. Lakini siwezi kuisimamia peke yangu. Wakikuuliza, utasema?"

"Nitasema."

"Mbele ya Primus?"

"Nitasema, Mwalimu."

Akanipa kalamu. Niliandika jina langu. Lilikaa pale karibu na la mtoto, kubwa kuliko lake, kwa sababu mkono wangu haukuzoea nafasi ndogo.

Jumapili iliyofuata watu walijaa pale stooni. Vijana walisoma kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma. Bibi mmoja, Magdalena, akamwona Mwenyekiti anakuja, akapaza sauti: "Primus, karibu! Tunasoma kabichi zako!" Watu wakaangua kicheko. Yeye akasogea ukutani. Alisoma mpaka mwisho, akasoma majina mawili, akaniangalia mimi kwenye kundi, akaondoka. Maji yalirudi siku ileile. Watu walifurahi. Nami nilifurahi. Nilitembea kijijini kama mtu aliyefanya kitu.

Siku kumi baadaye ikaja barua. Kamati ingekaa Jumatano shuleni, pamoja na afisa kutoka wilayani, kusikiliza shitaka la kwamba Mwalimu Mwantumu anawatumia wanafunzi kuchochea wananchi dhidi ya uongozi. Mwalimu Gabriel alimwambia mbele yangu, "Kama huyu Emilian atasema aliona, mimi nitasimama upande wako. Habari ya kweli siyo uchochezi. Kama hakuna aliyeona, sina pa kusimama."

"Ataona," Mwalimu akasema, kisha akajisahihisha, "Aliona."

Jumanne jioni, jua bado lipo, baba yangu mdogo, Mzee Faustin, alikuja kwangu. Nyuma yake alikuwa Primus. Mkononi Primus alishika jani la isale, limefungwa fundo.

Asiye wa mlimani ataona ni jani tu, la mmea tunaoupanda mipakani. Lakini kwetu mtu aliyekukosea akikuletea isale, anakiri na anaomba. Hukatai. Hata aliyeuliwa ndugu yake hakatai. Na ukishalipokea, kesi imekufa. Atakayeifufua anajitafutia laana, yeye na watoto wake.

"Emilian, mwanangu," baba mdogo akasema, "Primus amekosa. Alifunga maji siku yetu. Amekuja."

"Nimekosa," Primus akasema, macho chini. Mzee mwenye mvi, amesimama uani kwangu kama mtoto.

Moyo wangu ulitulia. Hapa ndipo nilipokosea, na nimelifikiria kosa hili kwa miaka. Nilijiambia kwamba mtu aliyekubali kosa uani kwangu kesho atalikubali mbele ya kamati. Niliona mambo yamekwisha vizuri, Mwalimu amepona, na mimi sitalazimika kusimama mbele za watu. Nikanyoosha mkono nikapokea. Tukanywa mbege kwa kibuyu kimoja. Walipoinuka, Primus alijifuta midomo.

"Basi kesho kitakuwa kikao kifupi," akasema.

"Lakini utawaeleza, Mwenyekiti? Kama ulivyonieleza?"

Baba mdogo ndiye aliyejibu. "Awaeleze nini? Umeshapokea. Kati yenu hakuna neno tena."

Walipotoka, Dafroza alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Umefungwa mdomo kwa jani moja, meku? Hata mbuzi hakuleta!"

Nilimwambia sitaki kelele. Nilimtuma Leonia akamwambie Mwalimu? Hapana. Nilikwenda mwenyewe? Hapana. Nyumba yake ilikuwa hatua mia tatu kutoka kwangu.

Kamati ilikaa darasa la sita. Afisa alikuwa mtu wa mkoa mwingine, kijana, mwenye haraka. Alisoma habari ya Leonia kwa sauti.

"Nani Emilian?"

Nilisimama.

"Ulimwona Mwenyekiti akifunga maji?"

Baba mdogo alikuwa amekaa dawati la mbele. Primus alikuwa anaangalia kofia yake. Nilisikia sauti yangu inasema, "Mimi na Mwenyekiti hatuna neno."

"Sijauliza kama mna neno. Uliona, au hukuona?"

"Hatuna neno, Bwana Afisa."

"Bwana Emilian," Mwalimu Mwantumu akasema. Hivyo tu. Hakuwa na hasira. Alisema kama anavyomkumbusha mtoto aliyesahau jibu analolijua.

Sikujibu.

Leonia aliitwa. Akasema aliona, na kwamba aliyemwambia kwanza ni mjomba. Afisa akamwambia, "Mjomba wako kasema hana neno. Wewe ulifundishwa na nani kuandika hivi?" Mtoto akaangalia miguu yake. "Na Mwalimu," akasema, na lilikuwa jibu la kweli, na afisa akaliandika.

Watu wote wa mlimani mle ndani walijua kwa nini nimenyamaza. Wengine waliinamisha vichwa kwa heshima, kwamba Emilian ni mtu wa mila. Wawili tu hawakujua, afisa na Mwalimu, na ndio wawili waliohitaji kujua. Mwalimu Gabriel hakusimama. Alikuwa ameshasema kwamba hatakuwa na pa kusimama.

Barua ya uhamisho ilifika kabla ya mwezi kwisha. Shule ya mbali, tambarare za mkoa mwingine, safari ya siku mbili. Nami niliagizwa kung'oa mbao na kupaka chokaa ukuta wa stoo. Nilipaka mara mbili ili wino usionekane.

Siku ya kuondoka nilimbebea sanduku hadi barabarani. Lilikuwa jepesi; magazeti aliyaacha darasani, na Mwalimu Gabriel aliyatumia mwaka mzima kufunika madaftari. Njiani nilimweleza habari ya isale. Nilieleza vibaya, narudia-rudia. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu alikuwa mtu wa kusikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yule mzee alikiri," akasema.

"Alikiri, Mwalimu."

"Kwako. Na kwa baba yako mdogo."

"Ndiyo."

"Nilipokuuliza stoo kama utasema, uliniambia utasema. Ungeniambia siku ile kwamba kuna jani linaloweza kukuzuia, ningempa mtoto karatasi yake arudi nayo nyumbani, na mama yangu angenisubiri Jumamosi."

Basi lilikuja. Hatukuagana vizuri.

Mama yake alifariki Februari iliyofuata. Nilisikia Kwa Sadala, kwa mtu aliyekaa Pasua. Majirani walikuwa wamechoka, kama alivyosema. Barua ya msiba ilimkuta baada ya mazishi. Aliacha kazi, akarudi kukaa katika nyumba tupu. Leonia alimaliza darasa la saba bila kuandika tena chochote ambacho hakuagizwa. Sasa ameolewa huko chini. Akija kunitembelea ananisalimu vizuri, "Shikamoo, Mjomba," kisha anaongea na Dafroza. Primus alichaguliwa tena mara mbili. Amefariki akiwa mtu wa heshima, nami nilichimba kaburi lake pamoja na wengine, kwa sababu hatukuwa na neno.

Mwaka huu, 1985, nilipelekwa hospitali Moshi kwa ajili ya macho. Siku nilipotoka nilikwenda Pasua. Sikuuliza sana, mtu wa kwanza alinionyesha. Alikuwa chini ya kibanda cha mabati nje ya nyumba ya marehemu mama yake, anakaanga mihogo. Amenenepa kidogo na nywele zimeanza mvi. Watu walikuwa wamepanga mstari, vibarua wa viwandani wanaotoka zamu. Alikuwa anafunga mihogo kwenye vipande vya gazeti bila kuviangalia. Nilisimama kwenye mstari. Maneno yangu nilikuwa nayo tayari, nilikuwa nimeyapanga njia nzima: kwamba niliona, kwamba ilikuwa baada ya kengele ya misa ya pili, kwamba nilimwona uso wala siyo mgongo, na kwamba niko tayari kuyasema popote atakapotaka.

Zamu yangu ikafika. Aliinua macho akanitazama. Alinijua, niliona amenijua.

"Mwalimu," nikasema, "siku ile mimi..."

Ulimi ukarudi nyuma. Nyuma yangu mtu akasonya, mwingine akasema, "Mzee, tuna njaa sisi." Mwalimu Mwantumu alisubiri, kijiko kinadondosha mafuta, akasubiri kwa muda aliokuwa akimpa mtoto afikirie, hata zaidi. Kisha akageukia karai lake.

"Kama hununui, baba, wapishe wenzako."